Zamu

Nimechomelea vyuma Rotherham miaka thelathini na minane,
kwa hiyo nikishikishwa bunduki siangalii mbao kwanza, wala nambari.
Natazama kovu: pale ilipohasiwa.
Pini iliyopigiliwa kooni, mfereji uliochanwa tumboni mwa mtutu,
uso wa komeo uliosagwa upande kama jino bovu.
Hii ya Hanyang aliifisha mtu mwenye haraka,
moto mwingi, mkono mzito, chuma kimeganda matone matone.
Ningemfukuza kazi.

Niliipata Stockport, ukumbi wa kanisa, Jumapili ya mvua,
mezani kwa Leopold Garside, kati ya helmeti na birika la chai iliyopoa.
"Adimu," akasema. "Nchi nzima hazifiki kumi."
Leopold husema hivyo hata juu ya vijiko.
Lakini cheti cha Birmingham kilikuwa halali,
komeo bado lilikwenda na kurudi, klak, klak,
likimeza hewa, likitema hewa,
na kwenye kitako, chini ya vanishi, ukucha wangu ukakwama.

Herufi. Tatu. Chini yake vistari vingi, vidogo,
kama daftari la madeni ya dukani.

Wiki nzima nilijitungia.
Jina la shujaa. Jina la mto. Kiapo.
Mkusanyaji ni mwongo anayelipia uongo wake kwa fedha taslimu.
Alhamisi nikaitia ndani ya mfuko wa fimbo za kuvulia,
cheti mfukoni, endapo polisi atauliza,
nikapanda basi hadi kwa Bi Qiu Suzhen,
mama wa daktari wangu wa meno, mzaliwa wa Yichang,
aliyekubali kunisomea kwa sharti moja:
isilazwe juu ya meza ya chakula.

Tukailaza juu ya ubao wa kupigia pasi.
Hakuvaa miwani. Alisoma kwa kidole gumba.
"Tan," akasema. "Peng. Na huyu... Yin.
Si jina la mtu. Ni koo tatu."
"Na vistari?"
"Zamu."

Bunduki moja, watu watatu.
Mmoja analenga, wawili wamechuchumaa mikono mitupu
wakingoja iwaangukie kama urithi.
Tan ana vistari kumi na vinne. Peng sita.
Yin ana kimoja,
na hicho kimoja hakikufika mwisho; kisu kiliteleza,
au mwenye kisu aliitwa.

Nilitafuta la kusema. Nikasema habari za mbao,
kwamba kipande cha mbele si cha mti ule ule,
kwamba kiliungwa baadaye, tena kwa ustadi.
Akaniuliza bei.
Nikamtajia nusu.
Akacheka kwa pua.
"Babamkwe wangu alinunuliwa kwa magunia mawili ya mchele
aende vitani badala ya mtoto wa mwenye duka.
Gunia moja lilikuwa na wadudu."
Kisha akachukua shati la mjukuu wake,
akalikunja pale pale kando ya mtutu, ukosi kwanza,
polepole, kama aliyekuwa na kazi hiyo tu siku nzima.

Nyumbani nina ishirini na tatu ukutani,
kila moja na ndoano yake, kila moja na kadi:
mwaka, kiwanda, mwenyewe.
Hapo kwenye mwenyewe huwa naandika jina langu
bila hata kukaa chini.

Basi la kurudi lilijaa wanafunzi.
Mvulana mmoja, tai imelegea, akautazama ule mfuko mrefu
niliouegemeza magotini.
"Mzee, umepata samaki wangapi?"
"Watatu," nikasema.
"Wakubwa?"
Dirisha lilikuwa na ukungu. Nikalifuta kwa mkono wa koti,
nje hakuna cha kuona, ila taa za kituo cha mafuta.
"Mmoja," nikamwambia, "alikuwa bado mdogo."